Baada ya Upasuaji wa Tezi Dume: Mazungumzo na Wananchi wa Wilaya za Mbulu na Hanang

 

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba haifanyi upasuaji, wala hatukuja kuwafundisha waganga kazi yao. Hata hivyo, mzee aliyepasuliwa tezi dume anaporudi nyumbani hubeba mambo mawili ambayo sheria imetukabidhi tuyasimamie: dawa, na mara nyingi mpira wa mkojo pamoja na mfuko wake. Tangu mwaka 2019, shughuli za chakula zilipohamishiwa Shirika la Viwango, sisi tumebaki na dawa, vifaa tiba na vitendanishi. Mpira wa mkojo ni kifaa tiba kamili mbele ya sheria, kama ilivyo sindano, na mnunuzi wake ana haki zilezile.

Wilaya zenu zina bahati ya kuwa na hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kinorwe mwaka 1955, na wenye matatizo makubwa zaidi hupelekwa KCMC, Moshi, penye taasisi ya magonjwa ya mfumo wa mkojo. Tatizo huanza baada ya ruhusa. Mtu wa Yaeda Chini au Basotu akishafika nyumbani wakati wa masika, kurudi hospitali si jambo la saa moja. Kwa sababu hiyo tumeona tuzungumzie zile wiki sita za nyumbani, ambazo mgonjwa huzipitia akiwa mbali na muuguzi.

Tezi dume imekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Ikikua huubana mrija huo. Daktari anaweza kuingiza chombo chembamba kupitia njia ya mkojo akaikwangua sehemu iliyokua, pasipo jeraha la nje, ama anaweza kupasua tumbo chini ya kitovu na kuitoa sehemu hiyo kwa mkono. Aliyekwanguliwa hukaa wodini siku chache. Aliyepasuliwa tumbo hukaa karibu wiki moja, na mshono wake unahitaji uangalizi. Kwa njia zote mbili, ganda la nje la tezi hubaki mahali pake. Jambo hili wengi hawalijui, nasi tutalirudia baadaye.

Sasa tuseme juu ya damu, kwa kuwa ndiyo inayowatia watu hofu kuliko yote. Mkojo wenye rangi ya juisi ya rozela iliyozimuliwa kwa maji mengi ni jambo la kawaida katika siku za mwanzo. Kisha mkojo hutakata, mgonjwa hufurahi, na kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne damu huonekana tena. Kidonda cha ndani kina gamba kama kidonda chochote, na gamba linapobanduka damu hutoka kidogo. Mzee huyo apumzike, anywe maji zaidi, lita mbili kwa siku au zaidi kidogo iwapo daktari hakumkataza kwa ajili ya moyo au figo, na mara nyingi mkojo hutakata ndani ya siku moja au mbili. Lakini damu ikiwa nzito, ikitoka na mabonge, au mkojo ukifunga kabisa na tumbo la chini likajaa, hapo hakuna kungoja asubuhi wala kungoja gari la mnada. Ndivyo ilivyo pia kwa homa yenye kutetemeka, kwa mguu mmoja uliovimba na kuuma, na kwa mshono unaotoa usaha. Zahanati ya kijiji inaweza kutoa huduma ya kwanza na rufaa, hata kama haina daktari wa upasuaji. Anzeni hapo.

Wengine huondolewa mpira kabla ya ruhusa. Wengine huondoka nao. Anayeondoka nao aandikiwe tarehe ya kuutoa au kuubadilisha. Mpira wa kawaida wa utomvu haukusudiwi kukaa zaidi ya wiki nne hivi. Wa silikoni huweza kukaa hadi wiki kumi na mbili. Ukikaa kupita muda wake, hujenga chumvi na kuwa makao ya vijidudu. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, lakini usilale sakafuni. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kuumwaga. Mpira usivutwe kamwe: ndani yake kuna puto lililojazwa maji, na ukivutwa puto likiwa limejaa huchana njia ya mkojo.

Mkiambiwa mnunue mpira au mfuko nje ya hospitali, tazameni pakiti kwanza. Iwe haijatoboka wala haijalowa. Iwe na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tarakimu 2 iliyopigwa mstari ndani ya duara ina maana kwamba kifaa hutumika mara moja tu. Hakichemshwi, wala hapewi jirani. Daini risiti. Bila risiti, malalamiko yenu yanakuwa maneno dhidi ya maneno.

Kuhusu dawa, tuna maneno matatu mazito. Dozi ya antibayotiki iliyoandikwa imalizwe, na isiyoandikwa isinunuliwe. Kumeza vidonge vinne kwa sababu mkojo unachoma hakuponyi, bali kunavifunza vijidudu ukaidi. Kuchoma kidogo katika wiki za mwanzo kunatokana na kidonda, na kukizidi hupimwa mkojo kwanza. La pili, aliyekuwa akitumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiirudie kwa uamuzi wake mwenyewe, wala asiiache moja kwa moja. Amuulize daktari siku gani aanze. La tatu linawahusu hasa ninyi mnaoishi kwenye baridi ya Mbulu. Baadhi ya dawa za mafua zinazouzwa katika maduka ya dawa muhimu zina kiungo cha kufungua pua ambacho hukaza shingo ya kibofu, au kingine cha kukausha kamasi ambacho hulegeza msuli wa kibofu. Kwa mzee wa tezi dume, dawa hizo zinaweza kufunga mkojo. Mwambieni muuzaji wazi: huyu ametoka kupasuliwa tezi dume. Muuzaji aliyesoma atawapa kitu kingine.

Minadani na ndani ya mabasi huuzwa chupa zinazodaiwa kuyeyusha tezi, kusafisha kibofu na kurudisha nguvu za kiume kwa mpigo mmoja. Hatuna ugomvi na tiba asili. Ina baraza lake la kuisajili, na mtu ana haki ya kuuliza cheti. Ila katika nchi nyingi, bidhaa zilizoitwa mitishamba ya nguvu za kiume zimepimwa na kukutwa na dawa za hospitali zilizofichwa humo. Mwenye kutumia dawa za moyo za kundi la naitreti akiinywa chupa hiyo, shinikizo lake la damu laweza kuporomoka ghafla.

Wauzaji hao wanaishi kwa hofu ambayo wazee hawaisemi, basi sisi tuiseme. Baada ya upasuaji huu, wanaume wengi hubaki na nguvu zao kama zilivyokuwa awali. Kinachobadilika mara kwa mara ni kwamba manii hurudi kibofuni badala ya kutoka nje, na baadaye mkojo huonekana na ukungu. Hakudhuru mwili, ingawa anayetaka watoto zaidi alipaswa kuelezwa kabla ya kutia sahihi. Tendo la ndoa lisubiri wiki nne hadi sita. Mkojo kuchuruzika katika wiki za mwanzo hupungua kwa mazoezi ya kukaza misuli ile inayozuia mkojo, mara kadhaa kwa siku, baada ya mpira kutolewa.

Kwa muda huohuo wa wiki sita, jembe, gunia la ngano, baiskeli na pikipiki viwekwe kando. Vijana, ng'ombe mtawapeleka malishoni ninyi. Choo kigumu nacho huleta damu, kwani kujikamua hubana kidonda. Mboga za majani, maharage na maji vinatosha kwa wengi. Pombe ya asali ingoje. Tunajua hilo ni gumu kuliko jembe.

Turudi kwenye lile ganda. Nyama iliyotolewa yapasa kupelekwa maabara kuchunguzwa kama ina saratani, na majibu huchukua muda, hivyo familia nyingi huondoka kabla hayajatoka na hazirudi kuyachukua. Ulizeni kabla ya ruhusa: sampuli imepelekwa wapi, gharama imelipwa au inalipwa na bima, na majibu yatapatikana lini kwa simu ipi. Hata yakiwa safi, ganda lililobaki linaweza kupata saratani miaka ijayo, kwa hiyo vipimo haviachwi kwa kuwa mtu "alishatolewa tezi".

Dawa au kifaa kikileta madhara, pakiti isitupwe. Mhudumu wa kituo chochote cha afya anayo njia ya kututumia taarifa, na ofisi yetu ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Leteni jina la bidhaa, namba ya toleo, mahali iliponunuliwa na risiti. Taarifa hailipiwi.