Nabii si Mpiga Ramli

Ndugu wapendwa wa vikundi vya Sugoi, tukiwauliza vijana wetu nabii ni nani, wengi hujibu: mtabiri. Sivyo. Amosi alikuwa mfugaji tu kama sisi, akawakemea waliowakanyaga maskini.

Hapa Bonde la Ufa, mwaka 1992 na tena 2007, jirani aliitwa "madoadoa" kwanza, ndipo nyumba yake ikachomwa. Askofu Cornelius Korir, aliyefariki 2017, aliwapokea maelfu ya wakimbizi kwenye kanisa kuu la Eldoret, ingawa wengi hawakuwa wa kabila lake. Huo ndio unabii.

Basi tuanzie nyumbani. Kijana akisikia jina hilo, hata likitoka kwetu wazazi, tumruhusu atukanye. Mtu ni mfano wa Mungu, si doa.