Zappa: Uanzie Wapi?

Mpwa wangu aliniuliza aanzie wapi kumsikiliza Frank Zappa, Mmarekani aliyefariki Desemba 4, 1993, akiwa ametoa santuri zaidi ya 60. Kwa kiburi cha mtu wa redio nilimpa ile ya kwanza kabisa, Freak Out! ya 1966, sahani mbili nzima. Kesho yake akanirudishia. "Mjomba, huyu ananicheka," akasema, na kwa miaka miwili hakutaka kusikia jina hilo.

Kosa lilikuwa langu. Mgeni hapitishwi uani. Ningempa Hot Rats ya 1969, ambayo karibu yote ni ala tupu. Captain Beefheart anaimba wimbo mmoja tu. Inafunguliwa na kibao cha Peaches en Regalia, ambamo Ian Underwood anapiga vinanda, filimbi na saksafoni peke yake, sauti ikirekodiwa juu ya sauti. Humo hakuna mzaha wa Kimarekani wa kutafsiriwa. Kisha ifuate Apostrophe (') ya 1974, ambayo vichekesho vyake vinabebwa na gitaa. Jazz from Hell ya 1986, iliyopigwa karibu yote kwa kompyuta, isubiri sana.

Jumapili iliyopita nilimpelekea Hot Rats. Hajanirudishia.