Noti za Kenya: Halali, Iliyokufa na Bandia

Askari aliye zamu Namanga, Sirari au Horohoro huiona noti ya Kenya kila siku katika mikoba ya wachuuzi wa nafaka na mifugo. Hata hivyo, kuiona noti kila siku si sawa na kuitambua.

Tarehe 1 Juni, 2019, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Dkt. Patrick Njoroge, alitangaza noti mpya, na akaipa noti ya zamani ya shilingi 1,000 uhai wa miezi minne tu. Alitaja sababu mbili: fedha haramu na noti bandia. Muda ulipokwisha tarehe 30 Septemba, noti zipatazo milioni 7.4, zenye thamani ya shilingi bilioni 7.4, hazikuwa zimerudishwa. Noti hizo zilikufa, lakini hazikughushiwa. Mchuuzi anayekutwa nayo moja mfukoni amepata hasara. Hilo peke yake halimfanyi mghushi.

Kisha, Agosti 2024, Benki Kuu hiyo ilitoa noti nyingine zenye sura ile ile ya mwaka 2019. Kilichobadilika ni sahihi, mwaka wa kuchapwa na uzi wa usalama, ambao sasa hugeuka rangi kwa namna tofauti katika kila thamani. Noti za aina zote mbili ni halali. Basi askari anayeziweka mbili sambamba, akaona nyuzi hazifanani, na papo hapo akamtia pingu mama wa vitunguu, amemwonea raia.

Alama ya kutegemewa zaidi imo ndani ya karatasi yenyewe. Noti ikiinuliwa kwenye mwanga, hujitokeza kichwa cha simba. Kivuli hicho hutiwa wakati karatasi inatengenezwa, ingali rojo, kwa kupunguza na kuongeza unene wake. Ndiyo maana huingia gizani taratibu, bila ukingo mkali. Mghushi hana kiwanda cha karatasi. Humchora simba wake kwa wino hafifu, naye huonekana hata noti ikiwa imelazwa mezani. Vidole navyo visaidie: maandishi makubwa ya noti halali yameinuka, kwa sababu wino wake hukandamizwa kwa nguvu kutoka katika bamba lililochongwa. Nakala ya mashine huteleza.

Taa ya zambarau nayo ina hila zake. Karatasi ya kawaida ya ofisini hung'aa chini yake, ya noti hubaki hafifu. Lakini noti halali iliyosahauliwa katika shati na kufuliwa kwa sabuni ya unga yaweza kung'aa vilevile. Taa isihukumu peke yake.

Noti ikishukiwa, isikunjwe wala kupigwa mhuri. Itiwe katika bahasha, namba yake iandikwe mbele ya mwenyewe, na aulizwe kwa utulivu aliyempa. Mara nyingi aliyeikamata mwisho ndiye aliyedhulumiwa, na jibu lake ndilo njia ya kumfikia mwenye mashine.