Mapipa ya Taka na Sitara Yake



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya jambo ambalo wengine huliona dogo mno kuletwa mkutanoni, nalo ni pipa la taka: liwekwe wapi, na lisitiriwe namna gani.

Sheria ya nchi haikulidharau jambo hili. Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kazi ya kuondoa taka wamekabidhiwa wakuu wa kaunti. Tena sheria ya taka ya mwaka 2022 yatutaka tutenge zinazooza na zisizooza. Basi kila nyumba yahitaji mapipa mawili. Lakini sheria haiji uani kutazama pipa limeelekea dirisha la nani. Hiyo ni kazi yetu wenyewe.

Twapendekeza kanuni sita. Kwanza, kila pipa liwe na mfuniko unaofunga barabara. Yai la nzi huanguliwa kwa muda wa siku moja, na kwa joto letu la Mombasa nzi kamili huweza kuruka kabla ya wiki mbili kwisha; kwa hiyo taka zinazooza zisilale zaidi ya siku tatu. Pili, pipa lisimame juu ya matofali, panya wasipate makao chini yake. Tatu, makopo na vifuu visiachwe wazi. Maji ya mvua yakituama humo, mbu wa kidingapopo huzaliana, na mji wetu uliyaonja maradhi hayo mwaka 2013, na tena mwaka 2017. Nne, pipa litolewe asubuhi ya siku ya mzoa taka, lirudishwe jioni hiyo hiyo. Tano, sitara iwe ya makuti au mabati, ilipite pipa kwa shibiri moja, na iache nafasi ya hewa chini.

Ya sita ndiyo nzito. Wapo wajengao sitara nzuri upande wa kwao, na upande wa jirani wakauacha wazi. Mara nyingi jirani huyo ni mjane, au mpangaji asiyesikilizwa barazani. Huko si kuondoa uchafu, ni kumhamishia mwenzio. Basi pasiwekwe pipa karibu na dirisha au jiko la jirani bila ridhaa yake. Na kanuni hii imfunge mwenye nyumba sawasawa na mpangaji.

Wala sitara isiwe maficho. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Twaomba Kamati ichague wazee wawili na akina mama wawili wakague nyua zetu kila mwezi, wakianzia kwa wanakamati.

Wazee wetu, neno lenu likiwa mbele, vijana watafuata. Twauomba mkutano huu uzipigie kura kanuni hizi leo, kabla hatujatawanyika.