Mtama na Ndugu Yake wa Porini
Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema siku hii ambayo Chama chetu kinatimiza miaka kumi. Wenzetu wamekwisha kueleza habari za maghala na mizani. Sisi twapenda kueleza habari ya adui aliyemo shambani, ambaye ni vigumu kumtambua kwa kuwa anafanana na mazao yetu wenyewe.

Mtama pori huota kandokando ya mashamba, na mara nyingine kati ya mistari. Si mgeni. Mtama tunaolima ulitokana na mtama pori wa Afrika maelfu ya miaka iliyopita, na hata leo yote miwili ina kromosomu 20. Kwa hiyo ikichanua pamoja, upepo huweza kuchukua chavua ya mmoja na kuipeleka kwa mwingine, na chotara huzaliwa.

Wako wanaodhani kwamba chotara huyo ni kama nyumbu, mtoto wa punda na farasi, asiyezaa. Sivyo. Chotara wa mtama huzaa, na watoto wake huzaa pia. Hata jamaa wa mbali zaidi, gugu liitwalo Sorghum halepense lenye kromosomu 40, huzaa na mtama. Huko California, Marekani, Paul Arriola na Norman Ellstrand walionyesha mwaka 1996 kwamba chavua ya mtama ililifikia gugu hilo hata mita 100 kutoka shambani. Mwaka 1997 walieleza ya kwamba machotara hao hawakuonekana kuwa dhaifu kuliko gugu lenyewe.

Hasara yake twaijua. Punje za chotara hupukutika kabla ya mavuno, hulala udongoni, kisha huota msimu mwingine. Akiwa mchanga hufanana na mtama, hivyo jembe humpita. Tena suke zuri laweza kubeba punje zilizokwisha kupata chavua ya porini. Mkulima huliweka mbegu kwa furaha, na mwaka wa pili huvuna machotara.

Basi hatuna budi kufanya mambo matatu. Kwanza, tung'oe mtama pori na kila mche wa sura ngeni kabla haujachanua. Pili, mbegu tuzichague katikati ya shamba, mbali na mipaka. Tatu, majirani tusafishe mipaka pamoja, siku moja, kwani chavua haijui shamba la fulani wala la fulani, na kazi ya mmoja huharibiwa na uvivu wa jirani.

Kwa sababu ya kazi za namna hiyo ndipo tuliungana. Twawaomba viongozi wa vyama vya msingi wapange siku hiyo kabla mtama haujatoa masuke.