Video za Kumfaa Mwandishi Chipukizi

Kijana wa kisiwa cha Remba, Ziwa Victoria, anayetamani kutunga hadithi halazimiki kuvuka ziwa kutafuta darasa. Simu yenye data yatosha kuanza.

Aanze na waandishi wenyewe. Hotuba ya Nobel ya mwaka 2021 ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, iko YouTube bila malipo. Brandon Sanderson wa Marekani naye ameweka humo mihadhara yake ya Chuo Kikuu cha Brigham Young kuhusu msuko, wahusika na mandhari.

Kwa wengine, achunguze: msemaji amechapisha nini? Anatoa mifano, au anauza kozi tu?

Kisha azime simu, aandike ukurasa mmoja: wavuvi wa omena na taa zao usiku, wachuuzi wakibishania bei ufuoni alfajiri. Baadaye arudie video, alinganishe ushauri na alichoandika, asahihishe.