Maelezo Baada ya Habari: Mdakota Aliyevaa Sare



Huenda wengi wenu mmeitazama filamu ya Kimarekani iitwayo Dances with Wolves, iliyotoka mwaka 1990, kwa maana filamu zenye farasi na bunduki hazikosi watazamaji kambini. Yumo mzee wa kabila, Ten Bears, anayemfungulia luteni wa Kizungu furushi kuukuu. Ndani yake mna kofia ya chuma ya askari wa Kihispania, waliofika enzi za mababu wa mababu zake. Hao walishindwa. Lakini hawa wanaokuja sasa, mzee hajui kama watu wake wataweza kuwakabili.

Aliyemwigiza mzee huyo ni Floyd Red Crow Westerman, Mdakota, aliyezaliwa mwaka 1936 katika ardhi ya Lake Traverse waliyotengewa watu wake. Angali mtoto alipelekwa shule ya bweni ya serikali huko Wahpeton. Katika shule za namna hiyo, watoto wa wenyeji wa asili, ambao sisi tulizoea kuwaita Wahindi Wekundu, walikatwa nywele na kukatazwa kusema lugha ya mama zao.

Hata hivyo Westerman alivaa sare. Alitumikia miaka miwili katika jeshi la Marini la Marekani, kisha akasomea ualimu wa sekondari. Yawezekanaje mtu kulitumikia taifa lililowanyang'anya babu zake nchi? Swali hilo si geni kwetu. Wazee wetu wa King's African Rifles walikwenda nalo Burma mwaka 1944, hali nchi zao zi mikononi mwa Mwingereza.

Jibu lake alilitoa kwa gitaa. Mwaka 1969 alitoa sahani ya nyimbo iliyoitwa Custer Died for Your Sins, jina la kitabu cha Vine Deloria, msomi wa wenyeji. Custer ndiye kamanda wa Kikosi cha 7 cha wapanda farasi, aliyeuawa pamoja na askari zaidi ya 260 huko Little Bighorn, Juni 1876, na kwa miaka mingi alisifiwa kuwa shujaa. Askari wa kikosi hicho hicho waliwaua Walakota zaidi ya 250 huko Wounded Knee, Desemba 1890, wakiwamo wanawake na watoto. Askari wapatao 20 walipewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Mwenye kuvaa nishani halali kifuani ataelewa kwa nini wajukuu wa waliouawa wamedai zifutwe.

Sinema ilimjia akiwa amepita miaka 50. Ni kweli, karibu kila mara alipewa nafasi ya mzee mwenye busara. Watengenezaji wa filamu hawakuwa wepesi kumwona Mdakota kuwa hakimu au daktari. Lakini katika Dances with Wolves alisema Kilakota, lugha iliyo ndugu wa Kidakota, mbele ya dunia nzima, na mwaka 1991 filamu hiyo ilipata tuzo 7 za Oscar.

Muziki hakuuacha. Mwaka 2006 alitoa nyimbo za kumuenzi Johnny Cash, mwimbaji ambaye mwaka 1964 alikuwa ametoa sahani nzima juu ya mateso ya wenyeji. Westerman alifariki Los Angeles tarehe 13 Desemba 2007, akiwa na umri wa miaka 71.